Kifungo cha Fyuzi

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na yule mdogo awe ameshaacha kutafuna kila anachokiokota. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula, anatembea, magoti yanamsumbua kukiwa na baridi, na vidole vyake ndio hivyo, bado vimevimba kwenye viungo na havimtii. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo, na sababu ya kukonda ndiyo hii barua yenyewe. Usishangae kuona nimekuandikia kwa kalamu na karatasi. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika popote, nawe unajijua. Na barua pepe siku hizi sitaki hata kuiona.

Nikupe habari moja kwa moja usije ukadhani kuna msiba. Mama amefungiwa. Si jela, la hasha! Amefungiwa kuandika kwenye orodha yetu ya mafundi, mwezi mzima, na aliyemfungia ni mimi binti yake, kwa mkono huu huu unaokuandikia. Sasa keti vizuri nikueleze, na usicheke mpaka nimalize.

Unajua nauza vipuri dukani. Wateja walikuwa wananiuliza maswali yale yale kila siku, huyu mota haizunguki, yule pasi inapiga shoti, mpaka nikaona nitakuja kuwa kichaa. Ndipo nikaanzisha orodha ya barua pepe. Mtu anaandika swali lake mara moja, linawafikia mafundi wote walioko kwenye orodha, na anayejua anajibu, na jibu nalo linawafikia wote. Kila kitu kinabaki kwenye kumbukumbu, hata mtu akija mwakani na tatizo lile lile atalikuta jibu linamsubiri. Ilianza na mafundi wachache wa mtaani, sasa tuko wengi hadi siwajui, na wengi wetu, hata mimi, hatutumii majina yetu bali majina ya kazi. Kuna Koili, kuna Fundi Friji, kuna mmoja anajiita Daktari wa Pasi.

Mama nilimwandikisha mwenyewe. Kaka, vidole vilipokataa kushika chuma cha solda, alikuwa anakaa kwenye ile meza yake ya kazi kutwa nzima akihamisha skrubu kutoka kopo hili kwenda kopo lile. Nilikuwa naumia. Meza aliyotulelea, ile ambayo wewe siku ile unaondoka uliapa mbele yake kwamba hutaikalia hata kwa dawa, ilikuwa imegeuka mahali pa kuwekea nguo zilizofuliwa. Nikampa simu, nikamfundisha, akachagua jina la Fyuzi, lile alilopewa na mafundi wenzake zamani, sisi hatujazaliwa, kwa wepesi wake wa kukatika. Wiki ya kwanza alijibu maswali mawili. Wiki ya pili alijibu yote. Nguo zikaondolewa mezani, miwani ikawekwa, na ukipita pale usimsemeshe, yuko kazini.

Watu walimpenda Fyuzi kama wanavyoipenda sindano ya daktari. Walidhani ni mzee wa kiume, wanamwandikia shikamoo Mzee Fyuzi, yeye anaitikia marahaba na kuendelea. Nilimuuliza kwa nini hawasahihishi, akasema ameitwa vibaya zaidi ya hapo. Anaandika kwa kidole kimoja, lakini kidole hicho kina moto. Anakwambia kosa liko wapi bila hata kuiona mashine, kisha anakwambia na wewe mwenyewe una kosa gani. Mmoja aliambiwa hata nyaya zinamwonea aibu. Mwingine, aliyepima umeme kwa kidole, aliambiwa ashukuru kwamba umeme una huruma kuliko akili yake. Mshonaji mmoja aliuliza kwa nini cherehani yake ya mota inakimbia yenyewe. Akapata jibu sahihi kabisa, na chini ya jibu akashauriwa arudi kushona kwa mkono mpaka akili imrudie. Cherehani ilipona, mwenyewe akajitoa kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Na si Mama peke yake, tusimwonee. Orodha nzima ilikuwa imeshika tabia hiyo. Wageni wakawa wanaingia mlango huu wanatokea ule. Ndipo wanachama wakadai tuweke kanuni za mwenendo, wakateua kamati ya watu watatu: Fundi Friji, ambaye ni mpole kupita kiasi, mwalimu mmoja wa fizikia, ambaye anapenda vifungu na ibara kuliko chakula, na mimi mwenyekiti, kwa sababu chumba cha nyuma cha duka ndicho kilichokuwa na viti. Tukawa tunakutana humo, katikati ya maboksi ya taa.

Kanuni ya kwanza ilitutoa jasho. Mwalimu alisema mtu asivamie na swali kama anayevunja mlango, asalimu kwanza. Tukakubali kwa kauli moja, hatukujua tumejitia kitanzi. Kwenye barua pepe humjui mtu umri wake, sasa nani amwamkie nani? Mtu mmoja alimwamkia mwenzake kwa heshima zote, akaja kugundua ni mwanafunzi wa sekondari. Mwingine hakuamkia, akaandikiwa kurasa mbili kuhusu malezi ya siku hizi. Mwalimu akapendekeza kila mtu aweke mwaka wake wa kuzaliwa chini ya jina lake, na kina mama wa orodha wakamjibu kwa lugha ambayo kanuni zilikuwa bado hazijaikataza. Palepale tukiwa kwenye majaribio, fundi mmoja akaandika kwamba mota yake inatoa moshi, afanyeje. Akakumbushwa asalimu kwanza. Akasalimu. Watu wakaitikia mmoja mmoja, wengine wakaulizia na hali ya watoto. Aliyemwambia azime umeme alikuwa Mama, bila salamu, na tusi juu yake. Basi tukabadilisha, ikawa inatosha kuandika salamu kwenu nyote, na palipo na moshi hakuna salamu.

Kanuni ya pili ilisema utafute kwenye kumbukumbu kabla ya kuuliza. Ya tatu ilikataza kujibu kwa herufi kubwa tupu, maana Koili alikuwa anaandika hivyo na watu wanasoma huku wameziba masikio. Ya nne, kaka yangu, ndiyo iliyotuua, nayo haikutoka kwa kamati. Ilitoka kwa Fyuzi.

Ilikuwa hivi. Kwenye ubishi wa mambo ya gesi, mtu alimwambia Fundi Friji kwamba baba yake alizaa hasara, na baba wa Fundi Friji ameshafariki. Mama aliwaka! Aliandika barua ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Akasema anayekosea kufunga waya ni yeye na mikono yake, mzazi wake hakuwepo. Mtu atukanwe mwenyewe na dunia nzima isikie, lakini mzazi aachwe, awe hai au ametangulia. Akataka iwe kanuni, na atakayemgusa mzazi wa mwenzake afungiwe kuandika. Mwalimu alipendekeza wiki moja, Fyuzi akajibu kwamba wiki moja hiyo ni likizo, iwe mwezi. Watu wakashangilia, ikapita. Mimi jioni hiyo nilirudi nyumbani nimejaa fahari, nikamkuta mwanasheria wetu kalala na miwani usoni.

Haukupita muda akaingia mwanachama mgeni anayejiita Bisibisi. Alisalimu vizuri, akaeleza kwamba ana mashine ya kufulia ya mteja, inaunguruma lakini haizunguki, ameshafungua nyuma, ameunga nyaya upya na bado, na mteja anakuja kila siku kusimama mlangoni. Akaambatanisha picha ya kazi yake. Mama aliiangalia picha ile kwenye kisimu chake, na alichokiona ni bonge la utepe mweusi kwenye maungio, mahali ambapo panatakiwa solda. Wewe unajua Mama na utepe kwenye mota. Akaandika kwamba hiyo si kazi, ni kidonda kimefungwa bandeji. Angeishia hapo tungekuwa salama. Akaendelea, akamuuliza Bisibisi huyo mama yake alimzaa akamwacha ajilee mwenyewe au vipi, maana akiiona kazi hii atamkana mchana kweupe. Na jibu la tatizo lenyewe, kwa hasira, akasahau kuliandika.

Niliisoma nikiwa kaunta na mteja mbele yangu, nikamrudishia chenji ya mtu mwingine. Nilijua limeshatufika. Kabla hata ya mchana malalamiko ya Bisibisi yalikuwa mezani kwa kamati. Aliandika kwa adabu mpaka nikaona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Alisema amezoea kuitwa mjinga na hata hapa hakatai, huenda ni kweli. Lakini mama yake asiguswe. Mama yake ndiye fundi bora aliyewahi kumwona maishani, alimfundisha kila kitu kwa uvumilivu, na kama leo hajui kufunga mota basi kosa ni lake yeye aliyekataa kusikiliza. Alisema hataki Fyuzi afukuzwe, anataka tu aambiwe.

Tukakaa kikao. Mwalimu akasoma kanuni ya nne kwa sauti, mara mbili, kama vile sikuwa najua ilitoka kinywa gani. Akasema mwezi. Fundi Friji alikuwa ameinamisha kichwa, akasema Mzee Fyuzi ndiye aliyemtetea baba yake, na ndiye aliyemwokolea kazi mara ngapi sijui, yeye hawezi, asamehewe. Ikawa kura moja huku na moja kule, wakanigeukia mimi. Hapo ikabidi niseme ukweli, kwamba Mzee Fyuzi ni mama yangu mzazi. Jamani! Fundi Friji akaanza kuhesabu mara ambazo amemwita mzee. Mwalimu akasema nijitoe kwenye shauri, kisha akakumbuka kwamba nikijitoa wanabaki wawili wasiokubaliana, akasema basi nibaki.

Kaka, nilitamani ardhi ipasuke. Ile orodha ndiyo mikono ya Mama kwa sasa. Bila orodha anarudi kwenye makopo ya skrubu, nami ndiye nitakayemwangalia. Lakini nikimwachia, kesho nitamfungia mtoto wa nani? Kila mtu atasema kanuni ni za wengine, na yule mshonaji na wenzake hawatarudi kamwe. Nikapiga kura afungiwe. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani, nikabonyeza, na kupitia ukuta nikaisikia simu yake ikilia. Halafu nikasikia miwani inawekwa mezani.

Nilimpelekea malalamiko ayasome, kwa kuwa anayeshtakiwa ana haki hiyo. Aliyasoma, akasema kama huyo mama ni fundi bora basi ufundi umeshuka bei, maana fundi bora hazai mfunga bandeji. Kisha akaniambia nimefanya sawa, kanuni ni yake na adhabu ni yake, na akanipa kisogo.

Usione alisema nimefanya sawa ukadhani alinisamehe. Wee! Asubuhi yake nilimuuliza chumvi iko wapi, akanijibu kwamba kanuni ya kwanza inataka salamu. Nikasalimu. Akaniuliza kama nimetafuta kabatini kabla ya kuja kusumbua watu, hiyo ni ya pili. Nilipopaza sauti nikaambiwa hiyo ni herufi kubwa, na nikapewa onyo la kwanza, akaliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Mtu unaishi kwenu kama mgeni wa orodha. Nikichelewa kurudi, onyo. Nikicheka na simu, anauliza kama mazungumzo hayo yanahusiana na mada. Na katikati ya vituko hivyo vyote alikuwa amesharudi kwenye makopo yake, anahamisha skrubu, na mimi roho inaniuma.

Huko kwenye orodha nako adabu ilizidi. Fyuzi hayupo, na wengine walivyoona hata Fyuzi hakupona wakaogopa kusema lolote. Mtu akiandika kwamba pampu yake imekufa, anapewa pole. Anapewa pole na Koili kwa herufi ndogo. Anaambiwa ajipe moyo, mambo ya pampu ni ya kupita. Lakini atengeneze nini, aguse wapi, hakuna anayethubutu kumwambia kwamba amekosea. Fundi mmoja alikuja dukani na pampu begani, akaitua kaunta pwaa, akasema amechoka kupewa pole, anamtaka yule mzee amtukane ili pampu ipone. Nilimwambia mzee yuko kifungoni. Akauliza kama anaweza kumletea hata matunda.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, kaka, na hapa ndipo naomba usiiweke barua chini.

Jumamosi iliyopita nilikuja na kompyuta ya dukani yenye kioo kipana. Mama akajisogeza. Akaniuliza, kwa lugha ya kawaida kabisa isiyo na kanuni, kama aliyefungiwa kuandika anaruhusiwa kusoma. Nikamwambia kusoma ruksa. Akasema anataka kuona kama kuna mtu amemjibu yule Bisibisi, maana hata kama ni mfunga bandeji, ana mashine ya watu imetolewa matumbo nje na mteja yuko mlangoni, na yeye Fyuzi alitukana akasahau kujibu, na hilo ndilo linalomkosesha raha kuliko kifungo. Tukafungua kumbukumbu. Hakuna aliyejibu. Alikuwa amepewa pole tu, pole nyingi nzuri. Akaniambia nifungue ile picha.

Kwenye simu yake ilikuwa ndogo kama stempu. Kwenye kioo kile ilijaa. Mama aliikodolea macho. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Kisha akanyoosha kile kidole chake kilichovimba akakigusisha kwenye kioo, mwisho wa utepe, pale ulipoishia. Ncha ya utepe ilikuwa imekunjwa kwa ndani kidogo, kimkia, ili fundi atakayekuja kufungua baada yako asihangaike kuitafuta kwa kucha. Akasema kimkia kile amewafundisha watu wawili tu duniani. Mmoja ni mimi, ambaye vipuri najua kuviuza tu. Na utepe wenyewe, akasema, umezungushwa na mtu wa mkono wa kushoto. Akalitaja lile jina lako la utotoni, kwa sauti ya chini kabisa.

Nilimwambia haiwezekani, kaka ni mtu wa ofisi yenye zulia, tangu lini akashika mashine za kufulia. Akasema nimpigie wifi. Nikampigia, na tafadhali usimgombeze, alijaribu kukuficha lakini machozi yakamtangulia. Alinieleza kwamba ofisi ilifungwa tangu mwaka jana, kwamba ulizunguka na vyeti mpaka viatu vikalika, na kwamba umefungua karakana nyuma ya nyumba na unajifunza upya yale uliyokataa kujifunza. Na kwamba uliapa tusijue, kwa ajili ya maneno uliyomwambia Mama siku ile unaondoka. Ndiyo maana nina anwani ya karakana yako. Jamani kaka, miezi yote hiyo unatuandikia kwamba kazi ni nyingi ofisini! Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena.

Mama hakukasirika. Alikaa. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na alipoanza kucheka nami nikaelewa, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Maana hebu fikiria! Mama amefungiwa kwa kumtukana mama wa Bisibisi. Alikutukania mama yako, nawe ukamshtaki mama yako huyo huyo kwa mdogo wako. Na alipoambiwa kwamba yeye ndiye fundi bora, akasema ufundi umeshuka bei.

Kicheko kilipoisha akaniomba nimsomee tena yale malalamiko. Nikasoma. Nilipofika pale uliposema fundi bora uliyewahi kumwona maishani, akasema nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama nina hakika ndivyo ilivyoandikwa, si mimi ninayemwongezea chumvi. Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kisha akaomba tuzime kompyuta inamuumiza macho. Si macho yaliyokuwa yanamuuma, kaka. Tangu uondoke hajawahi kusikia neno hilo kutoka kwako, na limemfikia kwa njia ya mashtaka.

Nikaitisha kamati. Mama akasema safari hii anakuja mwenyewe, akavaa gauni la kutokea. Fundi Friji alimwamkia huku ameinama nusura apige goti. Nilipowaeleza, alicheka akakalia boksi la taa, nimeshalipia. Mwalimu hakucheka, alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema kanuni inazungumzia mzazi wa mwenzako, wala haisemi kwamba mzazi huyo asiwe wewe mwenyewe, kwa hiyo kosa lipo. Lakini mzazi aliyetukanwa akisamehe, shauri linafutwa palepale na Fyuzi anarudi leo leo. Sote tukamgeukia Mama kwa tabasamu, mimi kidole kiko tayari kwenye kitufe.

Kaka, unamjua. Alisimama akasema, kwa upande wa aliyetukana, anaomba radhi kabisa bila kujitetea, mdomo ulimponyoka. Ama kwa upande wa aliyetukanwa, huyo hajasamehe. Na hasamehi kwa kamati, wala kwa simu, wala kwa barua pepe. Aliyeleta shauri aje mwenyewe, akae mbele ya mama yake, amwombe. Hata mwezi ukiisha, Fyuzi hataandika neno mpaka siku hiyo. Mwalimu aliandika yote, akasema hajawahi kuona hoja safi kama hiyo. Kwa hiyo ujue kwamba kuna mafundi na pampu zao mabegani wanakusubiri wewe.

Humu kwenye kifurushi utakuta kapasita, kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Mama kaichagua mwenyewe kati ya zote za dukani, akazitikisa kwanza sikioni. Anasema mashine ikiunguruma bila kuzunguka, mota ni nzima, kapasita ndiyo imekufa. Itoe ile ya zamani, usiiguse miguu yake kabla ya kuimaliza umeme, weka hii, na yale maungio uyafumue upige solda kama binadamu. Ameongeza neno moja mwishoni ambalo mimi kama mwenyekiti siwezi kuliandika, lakini barua hii haiko chini ya kanuni zetu: punda wewe. Alilisema kwa upole sana.

Mnisalimie watoto wote, na wifi mwambie simlaumu hata kidogo, nampenda zaidi. Fundi Friji anakusalimu ingawa hakujui. Nami nakusalimu, nimekukumbuka, na nina hasira nawe ambayo itaisha nikikuona. Jana nilimkuta Mama anahangaika na taa ya mezani pake, ile inayobanwa ukingoni. Nilimwambia nimsaidie akakataa, akapambana nayo kwa vidole vile vile mpaka ikabanduka, akaihamishia upande wa kulia wa meza. Nikamwambia huko itamtia kivuli mkononi. Akasema haijawekwa kwa ajili yake, mtu wa mkono wa kushoto taa yake hukaa kulia.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki na Mama